Dieuwke Rinzema: Jumapili Elfu Mbili na Mkono Mmoja

Dieuwke Rinzema, mtunza kanisa wa usharika wetu wa Oldewierum, amestaafu rasmi Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minane, miezi minne na wiki mbili. Alianza kazi tarehe 1 Februari 1987. Nimezihesabu Jumapili zote kwa kalenda na kalamu: ni elfu mbili na tatu. Alikosa tatu tu, mbili alipojifungua binti yake na moja barafu ilipomwangusha na baiskeli pale darajani. Zinabaki elfu mbili kamili. Yeye anasema hayo ni maongozi ya Mungu. Mumewe, Sjoerd, anasema hiyo ni hesabu ya kutoa. Mwenye kuyashika majibu hayo mawili ameshaijua nyumba yao.

Mimi ninayeandika ni mpiga kinanda. Kinanda chetu kiko juu, nyuma ya waumini wote, na mpigaji hukaa akiipa mimbari kisogo, kwa hiyo nimefungiwa kioo kidogo nipate kumwona mchungaji. Karibu yote nitakayoyasimulia niliyaona katika kioo hicho, kulia kukiwa kushoto. Asiyeridhika na ushahidi wangu aje apige kinanda yeye, tuone ataona nini.

Mkataba wa Dieuwke ulitaja kufungua, kufunga, kufagia, kupasha joto, kupanga namba za zaburi ubaoni, kujaza glasi ya maji ya mchungaji na kupika kahawa ya watu mia moja na ishirini. Haukutaja kuwatunza wachungaji, lakini huko ndiko alikofanya kazi kubwa zaidi. Amewatunza sita. Kila mmoja alifika na vitabu vyake na msimamo wake, na kila mmoja alifundishwa na Dieuwke kwamba kabla ya msimamo kuna zulia la kufutia miguu. Mgeni mmoja kutoka mjini aliwahi kumuuliza mlangoni, kwa sauti ya kichungaji, kanisa hili linasimamia nini hasa. "Miguu mikavu," alimjibu. "Mengine utayasikia ndani."

Kwetu mahubiri yana hoja tatu, na kila hoja ina pipi yake ya mnanaa. Hoja ya kwanza inapotajwa, benchi zima husikika likifungua karatasi. Dieuwke ndiye aliyefagia karatasi hizo kila Jumatatu, na kwa kuzihesabu tu alijua mahubiri yalikwendaje. Mchungaji mmoja kijana alipomuuliza waumini walionaje, alimwambia kwa upole, "Mchungaji, jana watu wamekula nne nne." Kijana wa watu alikwenda nyumbani, akaitafuta hoja ya nne katika karatasi zake, akaikuta kweli, na hakuirudia tena.

Lakini haya ni maji ya kunawa tu. Chakula chenyewe ni habari ya mkono, na siwezi kuandika wasifu wa Dieuwke nikaiacha, hata kama katika kijiji hiki tumezoea kuizunguka kama shimo la barabarani.

Vijana waliozaliwa juzi waelezwe. Kabla ya mahubiri, mzee wa kanisa aliye zamu humsindikiza mchungaji hadi chini ya ngazi za mimbari, akampa mkono: maana yake, baraza la wazee ndilo lililokutuma. Mahubiri yakiisha, mchungaji hushuka na mzee humpa mkono tena: maana yake, tumekusikia, na uliyoyasema yamesimama juu ya Maandiko. Mkono wa kwanza hutolewa kabla neno halijasemwa. Wa pili ndio wenye mtihani, ingawa katika kumbukumbu ya walio hai hakuna aliyewahi kuufeli.

Tarehe 16 Novemba 1997 alihubiri Mchungaji Lubbert Hazelhoff. Mzee wa zamu alikuwa Sjoerd Rinzema, fundi mitambo, umri miaka arobaini na miwili, mume wa mtunza kanisa. Mchungaji alichukua pale Paulo anapowaandikia Wakorintho kwamba wanawake wanyamaze kanisani. Akasema barua ile iliandikwa kwa watu fulani waliokuwa na fujo fulani, na kwamba anayeamini Maandiko ni lazima aulize yalisemwa kwa nani na kwa nini, kabla ya kumrushia jirani yake. Kisha akasema, kwa mtazamo wake, hakuna kinachozuia mwanamke kuwa mzee wa kanisa hapa Oldewierum. Karatasi za pipi zilinyamaza kanisa zima.

Akashuka zile ngazi nne, akanyoosha mkono. Sjoerd alikuwa na mkono wake mfukoni mwa koti. Ukabaki humo humo.

Mimi katika kioo niliuona mkono wa mchungaji ukining'inia hewani, na kwa kuwa sikujua la kufanya, nilipiga zaburi. Nilipiga beti zote, nikarudia, nikaanza upya. Wazee wananitania mpaka leo kwamba siku ile niliimaliza Zaburi nikakaribia Mithali. Dieuwke alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwenye swichi za taa. Aliwatazama wanaume wale wawili, mmoja bosi wake na mwingine mumewe, kisha akaenda kumimina kahawa, kwa sababu ilikuwa imeiva.

Sjoerd si mtu wa kuchekwa kwa hilo, na sitaki asomwe vibaya. Alimheshimu Hazelhoff. Walikuwa wakivua samaki pamoja. Ila alizaliwa nyuma ya tuta la bahari, lile linalozuia maji yasifunike mashamba yetu, baba yake na babu yake walikuwa walinzi wa tuta, na Maandiko aliyasoma kwa jicho hilo hilo. "Tuta halina sehemu isiyo muhimu," alisema kwenye baraza. "Ukikubali tundu moja dogo kwa sababu nzuri, maji hayaulizi sababu." Dieuwke alikuwa akigawa vikombe. "Na tuta lisipokaguliwa," alisema bila kusimama, "fuko wanalimaliza huku wewe unalisifu."

Majira yale ya baridi tulikuwa na mikutano mingi kuliko theluji. Upande mmoja ulisema ama tunayaamini Maandiko yote, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, ama tufunge mlango. Upande wa pili ulisema kuyaamini yote si sawa na kuyasoma yote kana kwamba yaliletwa jana na posta. Mkutano mkuu ulikuwa Februari 1998. Siku hizo wanawake walihudhuria bila haki ya kusema. Hata hivyo ajenda namba sita, tangu enzi za babu zetu, ilikuwa Ripoti ya Mtunza Kanisa, na mtunza kanisa alikuwa Dieuwke. Mwenyekiti aliangalia karatasi, akaangalia dari, akampa nafasi.

Ripoti yake ninayo hapa kama ilivyoandikwa kwenye kumbukumbu. "Boila inayotupasha joto inakohoa lakini itavuka baridi. Kigae kimoja cha paa kimeanguka, upande wa kaskazini. Biblia sitini tulizonunua mwaka 1989 nimezifuta vumbi zote. Ukurasa wa Wakorintho mnaougombania umechanika katika Biblia kumi na moja. Kitabu cha nabii Amosi, yule anayewafokea wenye nafasi kwa ajili ya maskini, katika Biblia arobaini na tatu kurasa zake bado zimegandana kwa ile rangi ya dhahabu ya kiwandani. Miaka tisa hakuna aliyezitenganisha. Ndiyo hiyo ripoti. Nani hajapata maziwa?"

Kumbukumbu zinasema, "Kimya." Mimi nilikuwepo, na nasema baada ya kimya watu walicheka, pande zote mbili, na mzee mmoja alionekana akikwangua ukingo wa Biblia yake kwa ukucha.

Ningependa kuandika kwamba ripoti ile ilituponya. Haikutuponya. Kufikia Pasaka, familia kumi na moja zilikuwa zimehama, zikawa zinasali katika ghala la viazi la akina Bouma upande wa pili wa mfereji, na Sjoerd ndiye aliyekuwa mbele yao. Mchungaji Hazelhoff aliondoka mwaka uliofuata. Hawakuwahi kupeana mkono, wala hawakuvua tena samaki.

Hapo ndipo ilipoanza Jumapili ya akina Rinzema, ambayo kijiji kizima kimeitazama kwa miaka ishirini na saba kutoka nyuma ya mapazia. Saa tatu kasorobo walitoka pamoja kwa baiskeli. Darajani walisimama. "Haya mzee, usalimie viazi," Dieuwke alimwambia. "Nawe uwasalimie Wakorintho," alijibiwa. Mmoja kulia, mmoja kushoto. Saa sita walikutana hapo hapo wakarudi nyumbani kula supu, na sheria ya nyumba ilikuwa kwamba hakuna hoja mezani mpaka vinyama vya supu viishe. Binti yao ananiambia mama alikuwa akiongeza vinyama siku ambazo alijua mahubiri ya ghalani yalikuwa makali.

Kulikuwa na tatizo moja: boila. Ilisimikwa mwaka 1974 na aliyeielewa duniani alikuwa Sjoerd peke yake, naye alikuwa ameapa kutokanyaga kanisani humo. Alitatua jambo hili kwa njia ya ufafanuzi wa Maandiko. Chumba cha boila kina mlango wake wa nje. Kwa hiyo, alisema, si kanisa, ni kibanda kilichoegemea kanisa, na hakuna andiko linalomkataza mtu kuingia kibandani. Kila Jumamosi saa nne alifika na sanduku lake la vifaa. Nilimchokoza siku moja: "Mzee Sjoerd, lakini joto lako linaingia kanisani." "Joto liingie," alisema. "Joto si mimi."

Chumba hicho kina mlango wa pili, wa ndani, unaotokea nyuma ya mimbari. Ufunguo wa mlango ule Dieuwke aliutundika mwaka 1998 kwenye msumari upande wa boila, upande wa Sjoerd, na haukuondoka hapo. Wakaguzi wa majengo walimwandikia mara nne kwamba funguo zote ziwe kabatini. Mara nne alijibu kwamba amesahau. Huyu ni mwanamke anayekumbuka nani alivunja kikombe gani mwaka 1991.

Mwaka 2009 usharika ulipiga kura, na wanawake wakaruhusiwa kuwa wazee wa kanisa. Wa kwanza kuombwa alikuwa Dieuwke. Alikataa. Akaombwa tena 2014, akakataa, na tena 2019. Tulidhani ni unyenyekevu, tukamsifu kwa hilo gazetini humu, jambo lililomkera. Mwaka jana, tukipanga viti, nilimuuliza sababu. Alikaa kwenye kiti alichokuwa amekibeba. "Tjibbe, mzee wa zamu ndiye anayetoa mkono," alisema. "Pale chini ya ngazi kuna mkono mmoja haujatolewa. Nikisimama mimi pale, watu watasema basi, yamekwisha, Dieuwke ameyamaliza. Hayajaisha. Sitaki kuyafunika." Kisha akainuka, akaendelea na viti. Nilikuwa nimeufahamu uso wake kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kuuona umechoka namna ile.

Kwa hiyo baraza lilipomuuliza anataka zawadi gani ya kustaafu, na wengi wakitarajia saa ya ukutani, hakuomba saa. Aliomba Jumapili yake ya mwisho ahubiri Mchungaji Hazelhoff, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja na nyonga ya bandia. Akaomba pia nafasi ya mzee wa zamu, chini ya ngazi, isijazwe na mtu yeyote.

Baraza letu lina kipaji cha kuona ugumu. Vikao viwili vilijadili kama ibada isiyo na mzee wa zamu ni ibada. Kikao cha tatu nilitumwa niangalie kitabu cha utumishi, nione kanuni inasemaje, na huko nikakuta kitu kilichonifanya nicheke peke yangu ofisini. Sjoerd Rinzema alihama, lakini hakuwahi kuandika barua ya kujiuzulu. Hakuna barua. Hakuna aliyemfuta. Zamu ya tarehe 16 Novemba 1997 iliandikwa ilipoanza, na haikuandikwa ilipoisha. Kwa mujibu wa kitabu chetu wenyewe, Sjoerd yuko zamu hadi leo, na hiyo ndiyo zamu ndefu kuliko zote katika historia ya kanisa hili. Baraza, ambalo linaheshimu kilichoandikwa, likalipitisha ombi la Dieuwke. Nikampelekea Sjoerd nakala ya ukurasa ule, nikaitundika kwenye ule msumari wa boila, juu ya ufunguo.

Wiki tatu hakujibu. Dieuwke hakumuuliza. Kila Jumapili walifika darajani, viazi vikasalimiwa, Wakorintho wakasalimiwa.

Jumamosi ya tarehe 14 nilikuwa juu nikifanya mazoezi. Katika kioo nikaona mlango wa nyuma ya mimbari unafunguka. Akatoka Sjoerd, amevaa ovaroli, sanduku mkononi, miguuni soksi tupu. Viatu alikuwa ameviacha kwa boila, kwa kuwa msimamo ni msimamo, lakini sakafu ni ya Dieuwke. Akapiga magoti kwenye ngazi za mimbari akaanza kukaza mbao za kushikilia. Niliacha kupiga.

"Endelea tu," alisema bila kugeuka. "Ubeti wa mwisho bado unauburuta. Miaka ishirini na saba nakusikia kila Jumamosi unauburuta."

Nilishuka. Nikamuuliza kama amebadili mawazo.

"Hapana. Alikosea, na nimeandika kurasa nne kuonyesha wapi." Alijaribu mbao kwa kiganja, zikatulia. "Lakini mkono wa kwanza nilimpa mimi. Nilimwambia nenda, sisi tuko nyuma yako. Halafu nikamwacha amesimama. Ningempa mkono, kisha nimwambie kosa lake kwenye kahawa, tungekuwa tumebishana miaka yote hii. Badala yake nimebishana na supu."

"Dieuwke anajua?"

"Usimwambie. Nikishindwa asubuhi, asiwe ametarajia."

Jumapili kanisa lilijaa, hata watu wa ghalani walikuja, wakakaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri basi. Mchungaji Hazelhoff alipanda ngazi polepole akishika zile mbao zilizokazwa. Alihubiri hoja mbili tu. Andiko lake lilikuwa la Amosi, na tulisikia wazi, benchi baada ya benchi, kurasa zikitenganishwa.

Alipomaliza, alishuka ngazi nne, na chini hapakuwa na mtu. Alisimama. Nilikuwa na vidole juu ya vitufe na sikubonyeza. Mlango wa boila ukafunguka, Sjoerd akatoka na suti yake na soksi zake, akamfuata, akampa mkono. Mikono yote miwili, kwa kweli, na akakaa nayo kwa muda mrefu kuliko kanuni inavyotaka. Hakuna aliyepiga makofi. Sisi si watu wa hivyo. Mimi nilipiga zaburi, na ubeti wa mwisho niliuburuta kwa makusudi.

Kisha tukaenda kwenye ukumbi, na kwa mara ya kwanza katika Jumapili elfu mbili, kahawa haikuwa tayari. Dieuwke alikuwa bado amesimama kwenye swichi za taa, aproni mkononi, analia bila kujificha. Mtu mmoja wa ghalani ndiye aliyewasha jiko.

Wanaume wale wawili walikaa meza ya pembeni na mkate wa sukari katikati. Sjoerd alitoa kurasa zake nne. Hazelhoff alitoa miwani. Saa saba waliobaki mezani ni wao tu, wamefika ukurasa wa pili, wakigonga vidole mezani kuhusu Korintho, na wote wawili wakiona raha isiyo na kifani. Dieuwke aliosha kikombe cha mwisho. Hotuba ya kukabidhi ufunguo tuliyoiandaa hatukuisoma, kwa sababu aliyestahili kukabidhi alikuwa ameshafanya hivyo kwa njia yake. Aliuweka ufunguo mkubwa wa mlango wa kanisa mezani katikati yao, juu ya kurasa. "Wa mwisho kutoka afunge," aliwaambia, na akapanda baiskeli akaenda kupasha supu.

Dieuwke, asante kwa miguu mikavu, kwa joto, kwa ripoti ya ajenda namba sita na kwa ule msumari. Jumapili zijazo ukae benchi la mbele, uletewe kahawa, na darajani mpinde pamoja upande wowote mnaoupenda. Maisha mema, dada yetu. Boila tutajitahidi.

Tjibbe Veldema, mpiga kinanda